Chachu Iliyokwenda Kuposa

Mkate wangu ni mgumu nje. Nasema mapema, kabla hujauuma. Watoto wa sokoni Nachingwea wanauita mkate kobe, na mimi sikasiriki. Mkate wa dukani ukilala kidogo tu unaota ukungu. Wangu unakaa juma zima juu ya kabati, na siku ya mwisho ukiuchovya kwenye chai bado unajua kwamba unakula mkate.

Huu ni mkate wa vijijini kwa Wagiriki. Babu yangu, Mzee Masoudi, alikuwa mpishi katika shamba la mkonge upande wa Lindi, kwa Mgiriki mmoja na mkewe aliyeitwa Bibi Eleni. Yule mama alikuwa haigusi hamira ya kopo. Alikuwa na chungu cha chachu, unga na maji tu, vilivyoachwa vikaumuka vyenyewe. Kila siku anachota kidogo cha kukandia, kisha anarudishia unga na maji, na chungu hakiishi. Siku anaondoka kurudi kwao alimkabidhi babu kile chungu. Akamwambia, "Masoudi, usikiache kikafa." Babu akakibeba mpaka Nachingwea, na mpaka leo hakijafa.

Bibi Eleni alikuwa anachora msalaba juu ya mkate kabla haujaingia tanurini. Babu, kwa kuwa ni Mwislamu, alichora jani la mkorosho. Na mimi nachora jani hilohilo.

Sasa, kwetu posa haiendi na kanga peke yake. Inakwenda na mkate mmoja mzima na chungu kidogo cha chachu iliyochotwa kwenye kile chungu cha zamani. Kikirudishwa, umekataliwa. Kikibaki, una mke. Ndivyo alivyoposwa mama yangu, na ndivyo nilivyomposa marehemu mke wangu. Na ndivyo nilivyotaka kumposa Raudha.

Tuliondoka asubuhi kwa pikipiki yangu, mimi mbele, nyuma baba yangu mdogo Abdulatifu, ambaye alikuwa mshenga. Mkate nimeuvika kitambaa cheupe. Chungu kimo mapajani mwa Baba Mdogo. Barabara ya kwenda Ruangwa ilikuwa vumbi tupu, na mimi sikutaka chachu ya babu yangu ifike ukweni ina mchanga. Nikakifunika kile chungu kwa mfuniko, juu ya mfuniko nikaweka nailoni, juu ya nailoni nikazungusha mpira wa tairi mpaka ukalia.

Kufika katikati ya njia jua limeshapanda, Baba Mdogo akanigonga begani.

"Harithi, hiki kitu kinapumua."

"Kishike tu, Baba Mdogo."

"Nimekishika. Kinanisukuma."

"Tumekaribia."

"Mimi nimezeeka, bwana, sijawahi kupakata posa inayotaka kushuka njiani!"

Nikacheka. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikilizi. Akili yangu yote ilikuwa Likunja, kijijini kwa kina Raudha.

Raudha nilimjua kwa ufuta. Mkate wangu naupaka mafuta ya ufuta na kuunyunyizia ufuta juu, na yeye alikuwa analeta wa shambani kwao, msafi, huokoti hata kijiti. Mara ya kwanza aliposimama mlangoni mwa banda langu alivuta pumzi, uso ukabadilika, akarudi nyuma.

"Umekunywa?" akaniuliza.

"Sijawahi hata kuonja."

"Basi humu ndani kuna mtu amekunywa."

"Humu ndani tumo mimi na mikate, dada yangu. Na mikate haijanialika."

Hakucheka. Nikamletea chungu cha chachu pale mlangoni, nikamwonyesha mapovu. Alikiangalia kwa mbali kama mtu anayeangalia mbwa ambaye hajui kama amefungwa. Nikamkatia kipande, akakila amesimama nje juani. Alipomaliza aliokota chembe zilizoangukia kwenye kanga yake, moja moja, akazila nazo. Pale ndipo mimi nilipokwisha.

Alirudi tena, na tena. Ilichukua muda kuniambia alikotoka. Alikuwa ameolewa Nambilanje na mwanamume wa uraka, ile pombe ya mabibo. Msimu wa korosho wenzake wanaokota korosho wanatupa mabibo, yeye anakusanya mabibo, anayakamua, anaacha maji yake yachachuke, anakunywa mpaka kesho. Siku moja alimvunja mkono. Mjomba wake ndiye aliyekwenda kumchukua. Tangu hapo, kitu chochote kilichochachuka kilikuwa kinamrudisha Nambilanje. Lakini banda langu alikuwa amelizoea. Alifika hatua ya kuingia mwenyewe, kufunua chungu, na kuniambia, "Leo ina njaa, Harithi. Iongezee unga." Nilimtazama siku hiyo mpaka akaniuliza kama nina homa.

Mjomba wake anaitwa Mzee Shehe. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba anaweza kuwapo na asiulizwe. Tulimkuta barazani amevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa, pembeni yake mkewe, Mama Mwanne, ambaye Likunja nzima inamjua kwa vitumbua vyake vya asubuhi. Raudha alikuwa ndani. Niliona pindo la kanga yake nyuma ya pazia, na pindo lilikuwa linatetemeka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibuni mkekani."

Baba Mdogo alisema maneno yake vizuri. Alisema tumeona ua katika nyumba hii na tumekuja kuliomba kwa adabu. Mzee Shehe akasikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia habari zako," akaniambia. "Wewe ndiye bwana mikate."

"Ndiye mimi, Mzee."

"Mwanamume mzima unakanda unga."

"Nakanda, Mzee. Na mikono yangu haijawahi kumwinukia mwanamke."

Mama Mwanne aliinamisha uso. Nafikiri alitabasamu. Mzee Shehe alikohoa.

"Na hiki ndio nini?"

"Ni chachu ya mkate, Mzee," akasema Baba Mdogo. "Ni desturi ya kwetu. Chungu kikibaki hapa, ndiyo jibu la ndiyo."

Mzee Shehe akakivuta. Akaanza kuufungua ule mpira wa tairi. Mimi nikaona mfuniko umenyanyuka upande mmoja, na hapo ndipo akili iliponirudia. Jua lote lile. Mtikisiko wote ule. Chachu iliyofungwa bila hata tundu la kupumulia.

"Mzee, subiri, naomba mimi..."

Mfuniko uliruka. Chachu ikafoka kama soda iliyotikiswa, ikampiga kifuani, ikashuka kwenye kanzu mpaka magotini. Na harufu. Mimi naipenda harufu ile, lakini siku ile hata mimi niliisikia alivyoisikia yeye. Ilikuwa harufu ya kilabu cha mabibo saa ya jioni.

Mzee Shehe alipaka kidole kwenye kanzu, akakipeleka puani.

"Uraka," alisema.

"Hapana, Mzee. Ni unga na..."

"Uraka! Umeniletea uraka nyumbani kwangu! Siku ya posa! Kwa mtoto yule!"

"Mzee Shehe, tuelewane," Baba Mdogo akaanza.

"Wewe nyamaza, unanuka nao mapajani!" Ni kweli, suruali ya Baba Mdogo ilikuwa imelowa. "Mnajua mtoto yule nimemtoa wapi? Nilimkuta amekaa chini, mkono umening'inia. Nikaufunga kwa vijiti na kipande cha shuka langu, nikampakia, njia nzima ananiambia, 'Mjomba, usimpige, usimpige.' Na nyumba ile ilinuka hivi. Hivihivi! Nikaapa. Nikasema harufu hii haitamchukua tena mtoto wangu."

Nikaona kwamba mzee hakuwa mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

"Mzee," nikasema, "mimi sinywi. Ulizia Nachingwea nzima."

"Basi mwaga." Alinionyesha uwanjani. "Mwaga hii, nenda kwako kamwage na hiyo nyingine. Nunua hamira ya dukani kama wenzako wote. Kisha urudi, mimi nitakupa mtoto kwa mikono miwili."

Baba Mdogo akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiambia, kubali, bwana, ni unga tu. Pindo nyuma ya pazia halikuwa linatetemeka tena. Lilikuwa limetulia kabisa.

Nilimfikiria Raudha anaokota chembe kwenye kanga. Kisha nikamfikiria babu.

"Mzee," nikasema, "kanzu yako nitaifua kwa mikono yangu, nimekukosea. Lakini chachu simwagi. Mwaka wa njaa babu yangu alilala bila kula ili chungu hiki kipate unga. Mimi sina shule. Sina shamba kubwa. Nina kitu hiki ambacho hapa kwetu hakuna mwingine anacho, na nakifanya vizuri. Nikikimwaga ili nipate mke, huyo mke atakuwa ameolewa na nani?"

"Basi chukua chungu chako."

Nikachukua chungu changu. Nikatoka.

Nilikuwa nimefika penye pikipiki nilipomsikia nyuma yangu.

"Harithi! Simama hapohapo."

Raudha alikuja peku. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, na akikasirika macho yake yanakuwa makubwa mpaka unasahau ulichotaka kusema.

"Nani alikufundisha kufunga chachu kwa mpira wa tairi?"

"Kulikuwa na vumbi."

"Vumbi! Mimi niliyejifunza juzi najua haifungwi. Wewe uliyezaliwa nayo unaifunga kama gunia la ufuta!"

"Nilitaka ifike safi."

"Ulitaka uonekane, wewe. Kitambaa cheupe, mkate unang'aa, bwana harusi wa Nachingwea."

"Nilitaka wakuone unaolewa na mtu wa maana."

Alitazama mkono wake, ule ambao mfupa wake uliunga vibaya kidogo karibu na kiwiko.

"Nilisikia ulivyomjibu," alisema polepole.

"Raudha, kama umeumia..."

"Nilikuwa nyuma ya pazia naomba. Unajua naomba nini? Naomba usikubali. Nikasema, Mungu wangu, huyu akimwaga cha babu yake leo kwa sababu ameambiwa, kesho akiambiwa habari zangu atanimwaga mimi." Akafuta uso kwa kanga. "Hukumwaga. Halafu ukageuka ukaondoka! Bila kuniuliza! Umechukua chungu, umechukua na miguu yako, mimi umeniacha nyuma ya pazia kama mwali!"

"Mjomba wako amekataa. Ningefanya nini?"

"Ungeniita. Nina mdomo."

Nilitaka kumshika mkono, lakini tulikuwa uwanjani kwa watu. Nikamtazama tu. Naye akanitazama, na hasira ikamtoka machoni taratibu, kikabaki kile kitu kingine ambacho nilikuwa nakisubiri kila alipokuja bandani kwangu, bila kumwambia mtu.

"Nipe chungu," alisema.

"Raudha."

"Nipe, Harithi. Si ulikileta kwangu?"

Nikampa. Akakishika kwa mkono ule uliovunjika, akakiegemeza kiunoni, akatangulia. Mimi nikafuata nyuma. Sikuwahi kumwona akitembea hivyo, kichwa juu, kama anakwenda kupokea zawadi.

Barazani mambo yalikuwa yameshabadilika. Mama Mwanne alikuwa ametoka jikoni na beseni lake la mchele uliosagwa, ule wa vitumbua, ulioumuka toka asubuhi. Amelifunua, ameliweka mbele ya mumewe.

"Nusa," alikuwa anamwambia.

"Mwanne, usinitanie."

"Nusa, mume wangu. Mimi siongei sana. Leo nakuomba unuse."

Mzee Shehe aliinama akanusa.

"Kinanukaje?"

"Kimechachuka kidogo."

"Kidogo! Kesho asubuhi utakula sita na chai, kisha utaenda msikitini. Umewahi kulewa?"

Baba Mdogo alishindwa, akacheka kwa pua. Mzee Shehe akamkata kwa jicho.

"Vitumbua ni vitumbua," alisema. "Harufu ya vitumbua haijamvunja mtoto wangu mkono."

Raudha akapiga magoti mkekani. Akakiweka kile chungu kati yao wawili.

"Mjomba," alisema, "naomba niseme."

"Sema, mwanangu."

"Mimi harufu ile naijua kuliko wewe. Wewe uliikuta siku moja. Mimi nililala nayo. Siku ya kwanza nilipoisikia kwa Harithi nilijikaza mbele yake, kisha nikakimbia mpaka stendi, nikasahau na ndoo ya ufuta."

Hilo sikuwahi kuambiwa. Nilikuwa nimemtunzia ile ndoo nikidhani ameniachia kwa makusudi.

"Nilirudi kwa sababu ya ndoo," akaendelea. "Alikuwa ameiweka juu ya kabati, haijapungua. Nikasimama mlangoni nikawa nasubiri. Nasubiri apige kelele. Nasubiri atupe kitu. Mjomba, nimesubiri mwaka mzima. Kijana wake wa kazi anaunguza mkate, yeye anaukwangua, anakula mwenyewe ule ulioungua. Watu wanauita mkate wake kobe, yeye anacheka. Harufu haikunipiga mimi, Mjomba. Mtu ndiye aliyenipiga. Na mtu huyo hayupo humu."

Mzee Shehe alishusha macho kwenye kanzu yake. Chachu ilikuwa imeanza kukauka, imekuwa ukoko mweupe kifuani. Akaukwangua kwa ukucha, kidogo kidogo.

"Niliapa," alisema, sauti imekwisha.

"Uliapa sitapigwa tena. Kiapo chako kimekaa palepale."

"Na ukienda kule, halafu..."

"Nikienda kule halafu, nitarudi hapa kwa miguu yangu, na mkono wangu mzima. Nilijifunza njia, Mjomba. Wewe ndiye uliyenionyesha."

Yule mzee alifunika uso kwa kiganja. Akakaa hivyo. Mama Mwanne alimwekea mkono mgongoni, akaushusha, akaupandisha.

Alipoondoa kiganja, hakuniangalia mimi. Aliuangalia mkate. Ulikuwa bado umekaa pale kwenye kitambaa chake cheupe, mviringo, rangi ya udongo uliochomwa, ufuta wa Raudha umeushika juu kama nyota.

"Nani amechora hili jani?" aliuliza.

"Mimi, Mzee. Ni la mkorosho. Babu alichora hivyo."

"Naliona ni la mkorosho. Unafikiri mimi mtu wa Likunja silijui jani la mkorosho?" Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama mlango. "Mgumu huu."

"Nje tu, Mzee."

"Mwanne, leta kisu. Na chai."

Aliukata mwenyewe. Ilibidi aukandamize kwa goti, na mimi sikuthubutu kumsaidia. Ukapasuka kwa ule mlio wake ninaoupenda, na ndani ukaonekana, mweupe wenye kahawia kidogo, una matundu, mvuke haupo lakini harufu yake tamu imejaa baraza zima. Akauchovya. Akatafuna muda mrefu, kwa upande mmoja wa meno. Sote tulikuwa tunatazama taya la mtu mmoja.

Hakusifu. Akakata kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, akampa Raudha. Kisha akajikatia tena.

"Mshenga," akamwambia Baba Mdogo, "mahari tutazungumza wewe na mimi, siku nyingine, ukiwa na suruali kavu. Leo nendeni, jua kali."

Baba Mdogo alinitazama. Mimi nilitazama chungu. Kwa desturi yetu hatuombi jibu mara ya pili. Tuliaga, tukashukuru, Mama Mwanne akatufungia vitumbua vya njiani. Nikatembea kwenda kwenye pikipiki bila kugeuka, mikono mitupu, na kila hatua niliyopiga nilikuwa nasubiri sauti ya kuniambia, umesahau chombo chako.

Nikakalia pikipiki. Nikapiga kiki.

"Harithi!"

Moyo ukashuka mpaka kwenye ndala. Mzee Shehe alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza na kanzu yake chafu, mkate umevimba shavuni.

"Naam, Mzee?"

"Hiki kitu kinakula nini?"

Nilizima pikipiki.

"Unga na maji, Mjomba. Kila siku."

"Unga gani?"

"Raudha anajua."

Akageuka kumwangalia mpwa wake. Raudha alikuwa amekaa mkekani, chungu cha babu yangu kimo mapajani mwake. Mpira wa tairi alikuwa ameshautupa huko uwanjani. Alikuwa anakifunika kwa kipande cha kanga yake mwenyewe, na ncha zake alizifunga kwa fundo legelege, ili kipumue.